Sura ya Saba: Bloku Isiyofanya Kitu

Lugha yoyote ya kuandikia programu hufika mahali ikahitaji namna ya kusema kwamba hapa hakuna la kufanya. Katika JavaScript unafungua mabano ya kupinda, unayafunga, basi. Katika Python huwezi kuacha patupu: lazima uandike neno pass au kitu kingine cha kushika nafasi, la sivyo programu nzima inakataa kuanza. Vitabu vya kufundishia hulipita jambo hili kwa sentensi moja, kana kwamba lugha hizi mbili zimetofautiana mavazi tu. Naona havilitendei haki. Bloku tupu ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni kompyuta, nayo haina taabu. Ikikuta patupu inapita. Wa pili ni mtu atakayefungua faili hiyo mwakani akitafuta kwa nini malipo ya mteja hayaonekani, na huyo hana njia ya kujua kama aliyeandika aliacha patupu kwa makusudi, alisahau, au aliitwa kikaoni kabla hajamaliza. Ninachotetea katika sura hii ni kwamba lugha inayomlazimisha mwandishi kuitamka "hakuna" yake inamlinda msomaji huyu wa pili kuliko lugha inayoridhika na ukimya. Lakini neno la kushika nafasi ni nusu ya kazi tu, kwa kuwa "hakuna" ziko za aina mbili, na kuziandika kwa sura moja huzaa madhara yaleyale ya kunyamaza.

Tuanze na sababu ya Python kukataa. Guido van Rossum alianza kuiandika Desemba 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CWI, Amsterdam, na toleo la kwanza la hadhara lilitoka 1991. Kabla ya hapo alishiriki kutengeneza lugha ya ABC katika kituo hichohicho, na kutoka huko alichukua wazo kwamba mipaka ya bloku ionyeshwe kwa kujongeza mistari ndani, si kwa mabano. Nukta mbili mwishoni mwa mstari huahidi kwamba kinachofuata kimejongezwa. Mjongezo ukiisha, bloku imeisha. Bloku isiyo na mstari hata mmoja haina cha kujongezwa, kwa hiyo haina pa kuonekana. Maelezo ya pembeni nayo hayasaidii. Mtu akiandika hivi:

    if salio < kiasi:
        # tutaamua baadaye
    tuma_risiti(mteja)

Python itafika mstari wa tatu na kusimama, ikilalamika kwamba ilitarajia bloku iliyojongezwa baada ya if. Mstari wenye maelezo peke yake hutupwa mapema sana, wakati maandishi yanakatwa kuwa vipande, kabla hata ya sarufi kuangaliwa. Macho yetu yanaona mistari mitatu; sarufi imepokea miwili. Ukiongeza pass chini ya maelezo yale, mambo yanatulia, kwa sababu pass ni agizo kamili: lina mstari wake, lina mjongezo wake, na likitekelezwa halibadilishi chochote.

JavaScript ilizaliwa kwenye ukoo mwingine. Brendan Eich aliiandika kwa mara ya kwanza katika kampuni ya Netscape, Mei 1995, kwa muda wa takriban siku 10, na alitakiwa aifanye ifanane na Java, lugha ambayo sura yake ilitoka C. Ukoo huo, ukiufuata nyuma, unagusa ALGOL 60, ambayo ripoti yake ilitambua waziwazi agizo lisilotenda kazi yoyote na kutaja kwamba linaweza kutumika kuweka lebo. Kwa hesabu za sarufi, mpango huo umenyooka. Bloku ni orodha ya maagizo kati ya mabano mawili. Orodha inaweza kuwa na maagizo 10, 1 au 0, na hakuna haja ya kanuni ya ziada kwa ajili ya sifuri. Tena si bloku peke yake inayoruhusiwa kuwa tupu. Nukta mkato ikisimama yenyewe, bila neno lolote mbele yake, huhesabiwa kuwa agizo kamili lisilofanya kitu. Wanahisabati wataipenda kanuni hii. Anayetafuta kosa saa nane usiku hataipenda, na mfano wake huu hapa:

    if (salio < kiasi);
    {
      kataa(ombi);
    }

Nukta mkato ile moja mwishoni mwa mstari wa kwanza imemaliza sharti. JavaScript inasoma hivi: kama salio ni dogo kuliko kiasi, usifanye kitu. Halafu inakuta bloku inayojitegemea, jambo linaloruhusiwa, nayo inaitekeleza kila mara. Kila ombi linakataliwa, hata la mteja mwenye salio la kutosha mara kumi. Hakuna onyo linalotolewa, kwa maana kila kipande ni halali kikiwa peke yake. Katika Python kosa hili haliwezi kuandikwa. Ukiweka nukta mkato baada ya nukta mbili unapewa kosa la sarufi papo hapo. Wanaoipenda JavaScript watasema kwamba zana za kupanga msimbo siku hizi hulifichua kosa kama hilo mara moja, na ni kweli. Lakini zana hizo zilitungwa kwa sababu lugha yenyewe iliruhusu sharti lifuatwe na hewa. Kosa lilikuja kwanza, kinga ikafuata.

Kuna tatizo la pili, ambalo wanaoanza kujifunza hulipata mapema zaidi. Katika JavaScript alama mbili zilezile za mabano matupu hubeba maana zaidi ya moja kulingana na zilipokaa. Mwanzoni mwa agizo ni bloku tupu. Upande wa kulia wa alama ya sawasawa ni objekti isiyo na sifa zozote. Baada ya mshale wa fanksheni fupi, zilizoingia kwenye lugha mwaka 2015, ni mwili wa fanksheni isiyofanya kitu. Kwa hiyo mtu anayetaka fanksheni irudishe objekti tupu, akaandika `() => {}`, amepata fanksheni inayorudisha undefined. Alichotakiwa kuandika ni `() => ({})`, yaani kuizungushia objekti mabano ya kawaida ili isichukuliwe kuwa bloku. Fanksheni aliyoiandika haina kosa la sarufi, inaitika ikiitwa, na hasara yake huonekana mbali, pale sehemu nyingine ya programu inapojaribu kusoma sifa ya kitu ambacho hakipo. Utupu umekuwa na maana tatu na umbo moja, na ni mahali uliposimama tu panapokuambia ni upi. Katika Python objekti tupu ya kamusi huandikwa kwa mabano hayo ya kupinda, nayo bloku isiyofanya kitu huandikwa kwa pass. Hazikutani.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni zito, na wanaolitoa wanaijua Python vizuri. Wanasema pass si adabu kwa msomaji hata kidogo. Ni gongo tu: lugha ilichagua mjongezo, mjongezo hauwezi kuonyesha sifuri, basi ikabidi litungwe neno la kuziba pengo. Kulisifu neno hilo, wanasema, ni kuusifu udhaifu uliolizaa. Kama ushahidi wangu ungekuwa Python peke yake, ningenyamaza. Ila iko lugha ya Ada, iliyotengenezwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kupewa kiwango rasmi mwaka 1983, ambayo haitegemei mjongezo kabisa. Bloku zake hufungwa kwa maneno: sharti lililoanza na if hufungwa na end if, mzunguko ulioanza na loop hufungwa na end loop. Sarufi ya namna hiyo ingeweza kukubali patupu bila mkanganyiko wowote, kama ilivyofanya ALGOL. Waliotunga Ada walikataa. Ukitaka tawi lisilofanya kitu unaandika null, nukta mkato, ndipo unaendelea. Lugha ile ilikusudiwa kwa vifaa ambavyo makosa yake huua watu, na watunzi wake waliona pengo lisilotamkwa ni hatari ya kutosha kulitungia agizo lake. Swift ya Apple, iliyotoka 2014 na ambayo ni ya mabano ya kupinda kama JavaScript, nayo haikubali tawi la switch lisilo na agizo. Hutaki litende kitu, andika break. Katika Bash huwezi kuandika fanksheni tupu. Watu huweka nukta mbili, ambayo ni amri isiyofanya lolote ila kufaulu. Lugha hizi hazina ukoo mmoja wala kazi moja. Kwa hiyo, hata kama kwa Python neno lilianza kama gongo, manufaa yake hayatokani na mjongezo, na waliokuwa huru kuliacha walilichagua.

Manufaa hayo huonekana zaidi msimbo unapohaririwa kuliko unapoandikwa mara ya kwanza. Vitabu havilisemi hili vya kutosha. Bloku chache huzaliwa tupu; nyingi hufanywa tupu baadaye. Mtu anatafuta hitilafu, anataka kuona programu itafanya nini bila kutuma ujumbe kwa wateja, basi anaugeuza mstari mmoja kuwa maelezo kwa kuweka alama mbele yake. Kama mstari ule ulikuwa pekee ndani ya sharti, sharti limebaki tupu. Katika JavaScript programu inaendelea kukimbia, majaribio yanapita, faili inahifadhiwa, na siku zinakwenda huku ujumbe hautumwi. Katika Python programu haianzi mpaka mtu aandike pass kwa mkono wake, pale pale alipoondoa kazi. Waandishi wengi hulichukia zuio hili, kwa kuwa linakatiza mtu aliye katikati ya kutafuta jambo jingine. Chuki hiyo naielewa, lakini siikubali kama hoja. Sekunde 5 za kuandika pass zinamtoza aliyefanya badiliko, akiwa bado anakumbuka kwa nini amelifanya. Pasipokuwa nazo, anayetozwa ni mtu mwingine, baadaye, asiye na kumbukumbu yoyote ya siku ile. Tena pass iliyoachwa inaonekana kwenye orodha ya mabadiliko kama mstari ulioongezwa, na anayepitia kazi ya mwenzake ana kitu cha kuuliza.

Hadi hapa mtu anaweza kuona kwamba tunabishana juu ya adabu ya maandishi. Kinachoipa hoja uzito ni mahali ambapo bloku tupu hukaa mara nyingi, yaani sehemu ya kupokea hitilafu. JavaScript ilipata try na catch katika toleo la tatu la kiwango chake, mwaka 1999; Python ilikuwa na try na except tangu mwanzo. Linganisha hizi mbili:

    try {
      hifadhiMalipo(malipo);
    } catch (kosa) {
    }

    try:
        hifadhi_malipo(malipo)
    except Exception:
        pass

Zinafanya jambo lilelile. Diski ikijaa, mtandao ukikatika, jina la kigeu likiwa limekosewa herufi moja ndani ya hifadhi_malipo, jibu ni moja: endelea kana kwamba malipo yamehifadhiwa. Mteja anaonyeshwa kwamba amelipa, kitabu cha hesabu hakina rekodi, na hakuna mstari wowote katika kumbukumbu za seva unaoweza kumwambia mtu aanzie wapi.

Madhara ya msimbo wa namna hii yamechunguzwa. Mwaka 2014, katika mkutano wa OSDI wa chama cha USENIX, Ding Yuan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwasilisha uchambuzi wa matukio 198 ya kufeli yaliyoripotiwa na watumiaji wa mifumo mitano inayogawa data kwenye seva nyingi: Cassandra, HBase, HDFS, MapReduce ya Hadoop na Redis. Kati ya matukio hayo walitenga yale ya maafa, ambapo mfumo mzima au sehemu kubwa yake ilianguka ama data ikapotea. Waligundua kwamba asilimia 92 ya maafa hayo yalitokana na jinsi programu ilivyoshughulikia vibaya hitilafu ambazo zenyewe hazikuwa za kuua, na ambazo programu ilikuwa imeshaarifiwa waziwazi. Taarifa ilifika, aliyepokea ndiye aliyeharibu. Asilimia 35 ya maafa yalitokana na makosa mepesi kabisa ya upokeaji huo, ambayo waliyapanga katika makundi matatu: kipokezi kilichokuwa kitupu au kilichochapisha tu taarifa kwenye kumbukumbu, kipokezi kilichozima kundi zima la seva kwa kudaka hitilafu za kila aina, na kipokezi ambacho ndani yake mliandikwa maelezo ya kwamba kazi itakamilishwa baadaye.

Ushahidi huu unahitaji kusomwa kwa uangalifu, maana unaikata hoja yangu pande mbili. Mifumo minne kati ya ile mitano imeandikwa kwa Java, lugha ya mabano ya kupinda inayoruhusu bloku tupu kama JavaScript, na hilo linaniunga mkono kiasi. Lakini tazama tena makundi yale. Kipokezi kinachochapisha mstari kwenye kumbukumbu na kuendelea kimewekwa kundi moja na kipokezi kitupu. Kipokezi chenye ahadi ya baadaye si kitupu kwa macho hata kidogo. Kina maandishi ya mwandishi mwenyewe. Anayetaka kunipinga atasema: unaona, kulazimisha watu waandike kitu hakuwafanyi wafikiri. Watu wa Python wamezoea kuandika except kisha pass kwa kasi ileile ambayo watu wa JavaScript hufunga mabano, vidole vinakwenda vyenyewe. Hilo ni kweli, na si dogo. Python ina hata hatari yake ya ziada hapa. Ukiandika except bila kutaja aina ya hitilafu, unadaka mpaka ile inayotokana na mtumiaji kubonyeza Ctrl na C. Ukiiweka pamoja na pass ndani ya mzunguko usioisha, umetengeneza programu isiyokubali kuzimwa na mwenye kompyuta.

Jibu langu ni kwamba neno halikuwekwa ili limfikirishe aliyekataa kufikiri. Limewekwa ili aliyekuja baada yake awe na cha kukamata. Neno pass linaweza kutafutwa. Kifaa cha usalama kiitwacho Bandit, kinachokagua msimbo wa Python, kina kipimo maalumu, B110, chenye kazi moja: kuonyesha mahali ambapo except imefuatwa na pass. Katika JavaScript kazi hiyo imechukuliwa na ESLint, kifaa alichokianzisha Nicholas Zakas mwaka 2013, kwa kanuni iitwayo no-empty, ambayo imo katika seti inayopendekezwa kwa kila mradi. Namna kanuni hiyo inavyofanya kazi inastahili kuangaliwa kwa karibu. Bloku tupu inakataliwa. Bloku isiyo na agizo lakini ina maelezo ya pembeni inakubaliwa. Yaani jumuiya ya JavaScript, baada ya kuishi na uhuru wa kunyamaza kwa miaka mingi, ilijitungia kwa hiari sharti lilelile la Python, tena kwa namna bora kwa upande mmoja: Python inadai neno ambalo halielezi sababu, ESLint inadai sentensi ambayo inaweza kueleza. Upungufu wake ni kwamba kifaa kinaweza kuzimwa, na kanuni hiyo haigusi miili ya fanksheni; hiyo ina kanuni yake, no-empty-function, ambayo haimo katika seti inayopendekezwa. Hivyo `() => {}` hupita bila kuulizwa.

Tukubali basi kwamba utupu uandikwe. Uandikweje? Ipo "hakuna" ya mtu aliyemaliza kufikiri: nimeangalia, tawi hili halihitaji kazi yoyote. Ipo "hakuna" ya mtu ambaye hajaanza: kazi inahitajika, ila bado. Ya kwanza ni salama ikitekelezwa mara milioni. Ya pili haipaswi kutekelezwa hata mara moja. Kuzichanganya ni hatari kuliko waandishi wengi wanavyodhani, na hatari hiyo iko sawa katika lugha zote mbili. Chukua fanksheni ya kuhakiki sahihi ya ombi linaloingia kwenye seva. Wengi huiandika hivi: sahihi ikiwa mbovu fanksheni inatoa hitilafu, ikiwa nzuri inarudi kimya. Siku ya kwanza mtu anaiwekea jina na mwili mtupu ili sehemu nyingine za programu ziendelee kujengwa. Fanksheni hiyo, tangu dakika ile, inaipitisha kila sahihi duniani. Haikuvunja kitu, haikuchelewesha kitu, na majaribio yanayotumia sahihi nzuri yote yanafaulu. Ingekuwa imetengenezwa kurudisha kweli au si kweli, utupu ungerudisha None au undefined, ambazo zote huhesabiwa si kweli, na mlango ungebaki umefungwa. Kwa hiyo "haifanyi kitu" si tabia isiyo na upande. Inategemea yule anayeiita anasubiri nini, na pale ambapo ukimya ndio dalili ya kufaulu, utupu unasema ndiyo kwa kila mtu.

Python, kwa miaka, imejipatia maneno ya kuzitenganisha "hakuna" hizi. Kwa kazi ambayo bado, kuna raise NotImplementedError, inayolipuka pale tu mtu anapoigusa. Kwa saini za fanksheni zinazoonyesha umbo bila mwili, hasa katika faili za aina za data na katika madarasa ya Protocol, waandishi hutumia nukta tatu, ambazo tangu Python 3 zinaruhusiwa popote. Kwa darasa la hitilafu lisilohitaji chochote zaidi ya jina, sentensi ya maelezo ndani ya alama za kunukuu inatosha kuwa mwili, na pass haihitajiki. Naona hiyo ndiyo sura nzuri kuliko zote, maana nafasi imeshikwa na maelezo yenyewe. Kwa hitilafu ambayo kweli haina maana, tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014 kuna suppress katika maktaba ya contextlib:

    with suppress(FileNotFoundError):
        os.remove(njia)

Msomaji haachiwi la kukisia. Faili ifutwe; kama haikuwapo, lengo limetimia; hitilafu ya aina nyingine yoyote, kama ya kukosa ruhusa, itapanda juu kama kawaida. Baada ya kuwepo kwa maumbo haya yote, pass yenyewe inabaki na kazi finyu, ya "nimeangalia, hapana la kufanya", na inafaa zaidi ikifuatana na mstari wa maelezo unaosema kwa nini.

JavaScript haina akiba kama hiyo ndani ya lugha, kwa hiyo mzigo ni wa mwandishi. Kwa kazi ambayo bado, atupe hitilafu mwenyewe, yenye maneno yanayotaja kilichokosekana. Kwa kazi isiyohitajika, aandike sababu ndani ya mabano. Tangu kiwango cha 2019 inaruhusiwa kuandika catch bila kutaja jina la hitilafu, na wapo waliohofia kwamba hilo litawarahisishia watu kumeza makosa. Mimi naliona kinyume. Jina lililotajwa na kutotumiwa humpotosha msomaji, akadhani hitilafu iliangaliwa. Jina lisipokuwepo, anajua mara moja kwamba haikuangaliwa. Mahali panapohitaji ukali ni kwenye Promise, yaani objekti inayobeba jibu ambalo bado halijafika. Tangu Node.js 15, iliyotoka Oktoba 2020, Promise iliyokataliwa bila mtu wa kuipokea huiangusha programu, na hilo ni jambo jema. Lakini njia fupi kuliko zote ya kuzuia anguko hilo ni kuambatanisha `.catch(() => {})`, herufi chache zinazorudisha ukimya uleule ambao badiliko lilikusudia kuuondoa, na kama nilivyosema, kanuni ya no-empty haizioni. Timu inayoandika JavaScript na ambayo haina nguvu ya kufuata kanuni nyingi, ningeishauri iwashe no-empty-function kabla ya nyingine yoyote.

Limebaki pingamizi moja, la watu wanaoona kwamba ninautazama utupu kama ugonjwa. Wanakumbusha kwamba fanksheni isiyofanya kitu ni kifaa halali. Maktaba inayopokea fanksheni ya kuitwa kazi inapokamilika hurahisika sana ikiwa na fanksheni tupu ya kutumia pale mtumiaji asipoleta yake, badala ya kuuliza kila mara kama imeletwa. jQuery iliweka jQuery.noop tangu toleo la 1.4 la mwaka 2010, na Lodash inayo yake. Sipingi, mifano hii inaniunga mkono. Waliotengeneza maktaba hizo wangeweza kuandika mabano matupu kila mahali, na waliona heri waupe utupu jina moja, ili anayesoma ajue kwamba ni utupu uliokusudiwa. Katika Python jambo hilo halikufika mbali. Neno pass ni agizo, haliwezi kupitishwa kama thamani, na mwaka 2017 Barry Warsaw alipendekeza, kupitia PEP 559, fanksheni ya noop iliyojengwa ndani ya lugha. Pendekezo lilikataliwa. Anayeitaka hujiandikia kwa mistari miwili, au hutumia lambda inayorudisha None. Nadhani uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa si kwa sababu noop haina faida. Fanksheni ya jumla inayokubali hoja zozote na kunyamaza ingekuwa rahisi mno kuichomeka mahali palipohitaji jibu, na mistari miwili ya kujiandikia, yenye jina linalotaja kazi inayoachwa, kama usiarifu au bila_kumbukumbu, humwambia msomaji mengi ambayo noop isingemwambia.